KOMPYUTA MPYA, MWENDO WA KOBE
Tutafute mahali kazi inaposimama



Safari hii ukurasa wetu wa Kiswahili unazungumzia kompyuta. Msomaji asifunge jarida mapema. Akifika mwisho ataona kwamba habari ni ile ile ya kila siku: siku za kazi za watu, majina yao, na nani alaumiwe kazi inapochelewa.

YALIYOTUPATA

Tawi letu ni la wafanyakazi wa chai, hapa wilayani Rubavu, karibu na mji wa Gisenyi. Kwa michango ya wanachama tulinunua kompyuta mpakato mpya, ile ya kufungua na kufunga kama kitabu, ambayo wengi tunaiita laptopu. Shabaha ilikuwa kuyatoa daftari la ada na daftari la malalamiko katika karatasi zinazolowa na kupotea, ili mwanachama akiuliza ajibiwe papo hapo. Ndani yake uliwekwa mfumo wa Linux, ambao hatukuulipia hata faranga moja.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda sawa. Kisha mashine ikaanza kutambaa. Ukibonyeza herufi, herufi inatokea wakati umekwisha sahau ulichotaka kuandika. Kufungua orodha ya wanachama 212 kulichukua dakika sita. Na Ijumaa moja watu walikuwa wamepanga mstari baada ya zamu, kila mmoja akitaka kuhakikisha kwamba siku zake zimeandikwa, kwa sababu Jumatatu wajumbe wetu walikuwa wapeleke mbele ya uongozi madai ya siku zilizokatwa. Ambaye jina lake halimo katika orodha, hangekuwamo katika madai.

Mama mmoja mchumaji, aliyesimama kwa zaidi ya saa moja, alimwuliza kijana mwandishi wetu: "Mwanangu, kama jina langu limekwama humo ndani, na siku zangu nazo zimekwama?" Kijana hakuwa na jibu. Nyuma sauti zikaanza. Mmoja alisema mwandishi mwenyewe ndiye mzito. Mwingine alisema kitu cha bure ndivyo kilivyo. Fundi mmoja aliyeitwa kutoka mjini alitazama kidogo, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo mwingine, kwa faranga elfu arobaini. Orodha yote ilikuwa humo ndani, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

Tulikuwa karibu kukubali. Katibu wetu, ambaye amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukaushia majani, ndiye aliyetuzuia. Alisema: "Wandugu, mkaushio ukizidiwa, huwa tunabomoa kiwanda?"

Hayo ndiyo maneno yaliyotuokoa, na ndiyo shina la makala haya.

LINUX NI KITU GANI, NA JE, NDIYO YENYE KOSA?

Kwanza tuondoe shutuma moja. Kila kompyuta ina mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayogawa kazi kwa sehemu zote za mashine, kama msimamizi wa zamu anavyogawa watu. Mifumo mingi huuzwa, na mnunuzi haruhusiwi kuangalia ndani yake imeundwaje. Linux ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuandika programu za namna hiyo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini kilichokuja kuitwa Linux. Tangu hapo maelfu ya watu wa nchi nyingi wameijenga kwa pamoja, wengine kwa kujitolea, wengine wakilipwa na kampuni zinazoitumia.

Afrika haikukaa kando. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha toleo la Linux liitwalo Ubuntu, neno ambalo Mnyarwanda halimpi taabu. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ikiwa na maneno yake kwa Kiswahili. Hapa Rwanda, kuanzia mwaka 2008, watoto wa shule za msingi walianza kupewa kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto. Nazo zilitumia Linux. Kompyuta hizo za kwanza zilikuwa na megabaiti 256 tu za kumbukumbu ya kazi, yaani karibu sehemu moja ya kumi na sita ya ile tuliyonunua sisi, na watoto walijifunza nazo.

Kwa hiyo kusema "ni nzito kwa sababu ni ya bure" si sahihi. Linux inaweza kuwa nyepesi sana, na inaweza pia kulemewa kama mfumo mwingine wowote. Hatuna budi kupima.

TUITAZAME KAMA KIWANDA

Msomaji wa kiwanda cha chai anajua njia ya jani. Likitoka shambani hunyaushwa, kisha hukatwa na kusokotwa, kisha huachwa lichachuke, kisha hukaushwa, mwisho huchambuliwa kwa madaraja. Kila kituo kina mwendo wake. Moto wa mkaushio ukififia, majani yanarundikana nyuma yake. Hapo ukiongeza wachumaji shambani, unaongeza rundo tu. Ukinunua mashine mpya ya kukatia, umetupa fedha. Mwendo wa kiwanda kizima ni mwendo wa kile kituo kilicho nyuma ya wenzake.

Kompyuta nayo ina vituo. Kuna prosesa, inayofanya hesabu zote. Kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM: hiyo ni kama meza ambayo kazi ya sasa hutandazwa juu yake. Kuna diski, ambayo ni ghala: mambo yanakaa humo hata umeme ukizimwa. Na kuna umeme wenyewe, unaovilisha vyote. Mashine ikiwa nzito, kituo kimoja ndicho kinachowasubirisha wengine. Kazi yetu ni kukigundua, tukipima kimoja baada ya kingine, na kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mambo matatu pamoja na mashine ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi.

KABLA YA YOTE: NAKALA

Tulianza kwa kutoa nakala ya orodha. Tulichukua flashi mbili, tukanakili faili za ada na za malalamiko katika kila moja. Kwa mwendo ule ilichukua saa nzima, lakini hatukujuta. Flashi moja ilibaki kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina. Mashine inanunulika tena. Kumbukumbu ya siku za kazi za watu 212 hainunuliki.

Ikumbukwe pia kwamba orodha hiyo ina majina, namba za simu na mambo ya watu binafsi. Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 ya kulinda habari za watu na faragha yao. Kumwachia fundi tusiyemfahamu kompyuta usiku kucha, ikiwa na daftari la malalamiko ndani, ni kuwaweka wanachama hatarini. Fundi afanye kazi yake mbele ya mjumbe wa tawi.

Baada ya hapo katibu aliuliza swali moja: kabla ya uzito huu kuanza, nini kilibadilika? Tulijibu kwa sauti moja kwamba hakuna. Baadaye tulitambua kwamba jibu hilo halikuwa la kweli.

KITUO CHA KWANZA: MEZA YA KAZI

Katika Linux kuna dirisha la kuandikia amri, liitwalo terminali. Kwenye Ubuntu hufunguka ukibonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Watu wengi huliogopa, lakini amri tutakazozitaja hapa ni za kutazama tu. Hazifuti wala hazibadilishi kitu.

Amri ya kwanza ni hii: free -h

Inaleta jedwali dogo. Mstari wa Mem unaonyesha kumbukumbu ya kazi. Wengi hutazama safu ya free, wakiona namba ndogo wanashtuka. Wasishtuke. Linux hutumia nafasi iliyobaki mezani kuweka karibu vitu ilivyovitoa ghalani, ili isirudi ghalani kila mara, na huviondoa mara moja nafasi ikihitajika. Safu ya kutazama ni ya mwisho, iliyoandikwa available, yaani nafasi inayoweza kupatikana. Ikiwa imebaki kidogo sana, na wakati huo huo mstari wa Swap unaonyesha matumizi makubwa, basi meza imejaa na mashine inapeleka vitu ghalani na kuvirudisha bila kupumzika. Hiyo ni sababu ya kawaida mno ya uzito.

Mashine yetu ilikuwa na gigabaiti nne. Tulikuta kivinjari cha intaneti kimefunguliwa kurasa zaidi ya ishirini, nyingine za video, na nafasi iliyobaki ilikuwa megabaiti 300 tu. Tulizifunga zote. Nafasi ikapanda hadi karibu gigabaiti mbili. Herufi zikawa nyepesi kidogo, lakini orodha bado ilichukua dakika tano. Hapo tulijifunza jambo: tulikuwa tumepata kosa, lakini si lile kosa lenyewe.

KITUO CHA PILI: GHALA

Amri ya kuangalia kama ghala limejaa ni: df -h

Tazama mstari ambao mwishoni una alama / peke yake, na safu ya Use%. Ikikaribia 100, mfumo hauna mahali pa kuweka karatasi zake za muda, na kila kitu kinakwama. Yetu ilikuwa 31.

Lakini ghala linaweza kuwa na nafasi na bado mlango wake ukawa mwembamba. Andika: lsblk

Ukiona jina linaloanza na nvme, una diski ya haraka. Ukiona sda, inaweza kuwa ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, au ya zamani yenye sahani inayozunguka, ambayo ni ya polepole. Kutofautisha, andika: lsblk -d -o NAME,ROTA. Namba 1 maana yake inazunguka, 0 maana yake haizunguki. Ukiona mmcblk, hiyo ni namna ya diski inayofanana na kadi ya simu. Huwekwa katika laptopu mpya za bei ya chini, na aghalabu ndiyo inayozichelewesha. Laptopu mpya yenye ghala la namna hiyo itakuwa nzito tangu siku ya kwanza, na kubadilisha mfumo hakutaifanya kuwa farasi.

Yetu ilikuwa nvme. Ghala halikuwa na kosa.

KITUO CHA TATU: PROSESA

Amri ni: top

Inaonyesha orodha ya programu zinazofanya kazi, ile inayotumia prosesa kuliko nyingine ikiwa juu. Kutoka, bonyeza q. Juu kuna mstari unaoanza na %Cpu. Humo, namba iliyo karibu na id ni sehemu ya prosesa iliyokaa bure, na iliyo karibu na wa ni muda inaotumia kuingojea diski. Ikiwa wa ni kubwa, rudi ghalani. Ikiwa programu moja imeshika nambari ya juu kwa muda mrefu, umempata anayeshika njia. Kwa mashine mpya, mara nyingi huyo ni mfumo wenyewe unaopakua masahihisho, au unaoorodhesha faili zote kwa mara ya kwanza. Dawa yake ni subira ya saa moja au mbili, ikiwa imeunganishwa na umeme.

Kwetu jambo lilikuwa la ajabu. Hapakuwa na programu moja iliyoshika njia. Kila programu, hata ndogo, ilionekana inahangaika. Ilikuwa kama kiwanda ambacho kila mtu anatoka jasho na chai haitoki. Kijana wetu mwandishi, yule aliyeitwa mzito, ndiye aliyesema: "Labda hawafanyi kazi nyingi. Labda mwendo wenyewe umepunguzwa."

Aliandika: grep MHz /proc/cpuinfo

Amri hiyo inaonyesha mwendo wa prosesa kwa wakati ule, kwa megahezi. Angalizo: mashine ikiwa imekaa bila kazi, ni kawaida mwendo kushuka ili kuokoa umeme. Kwa hiyo lazima upime wakati ina kazi. Tulifungua orodha ya wanachama, na wakati inahangaika tukaandika amri hiyo mara kadhaa. Kila mara jibu lilikuwa 400. Kisha tukaandika lscpu, ambayo huonyesha pia mwendo wa juu kabisa wa prosesa. Ilisema 4100.

Fikirini, wandugu. Mashine yenye uwezo wa kwenda 4,100 ilikuwa inatembea 400. Hakuna mwandishi duniani angeweza kuikimbiza.

KITUO CHA NNE: UMEME

Nani alipunguza mwendo? Yako mambo matatu ya kukagua. La kwanza ni mpangilio wa umeme. Katika ukurasa wa mipangilio, chini ya Power, kuna hali ya kubana umeme, ya wastani na ya nguvu. Mtu akibonyeza ya kubana ili betri idumu, akasahau, mashine itatembea polepole. Yetu ilikuwa ya wastani.

La pili ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguza yenyewe isiungue. Laptopu ikitumika juu ya mto au blanketi, matundu yake ya hewa yanazibwa. Nasi tunaoishi chini ya Nyiragongo tunajua vumbi la mawe ya volkano linavyoingia kila mahali. Tuliigusa chini: ilikuwa ya uvuguvugu tu, na feni ilikuwa kimya.

La tatu ni chaja. Hapo mweka hazina alijishika kichwa. Alikumbuka kwamba waya wa chaja ya kwanza ulikatwa na mguu wa kiti, na kwamba tulinunua nyingine dukani, ya bei nafuu, yenye kichwa kinachoingia vizuri. Tulikuwa tumesema hakuna kilichobadilika kwa sababu taa ya kuchaji ilikuwa inawaka.

Tulizitoa zote mbili, tukasoma maandishi ya chini. Ya zamani: volti 19.5, ampea 3.34. Mpya: volti 19.5, ampea 2.31. Hesabu ni ya darasa la shule: volti mara ampea ni wati. Ya kwanza ni wati 65. Ya pili ni wati 45. Laptopu nyingi hukagua chaja iliyochomekwa. Zikiona ni ndogo, au zisipoitambua, hujishusha mwendo kwa makusudi, zisivute umeme kuliko chaja inavyoweza kutoa. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi kwa kiasi cha chakula ilichopewa.

Tulichomoa chaja, mashine ikabaki na betri yake. Kijana akaandika amri ile ile. Namba zikaruka: 2400, 2900, 3100. Orodha ikafunguka kwa sekunde nane. Ukumbi ulipiga makofi kana kwamba timu yetu imefunga bao.

Kwa anayenunua chaja, kanuni ni hizi. Volti lazima zilingane na za mashine, zikizidi zinaweza kuiua. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Kichwa kiingie vizuri, lakini kuingia peke yake si ushahidi. Na kwa laptopu zinazochaji kwa tundu linalofanana na la simu, chaja ya simu inaweza kuwasha taa na bado isitoshe kazi.

MENGINE YANAYOWEZA KUKUPATA

Kwako kosa linaweza kuwa jingine, kwa hiyo tutaje yaliyobaki kwa ufupi.

Ikiwa uzito uko katika kuwaka tu, andika systemd-analyze blame. Itakuonyesha kila huduma ilichukua muda gani wakati wa kuwaka, ya polepole ikiwa juu.

Ikiwa madirisha na video vinakatika-katika, fungua ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari za mashine, tazama mstari wa Graphics. Ukiona neno llvmpipe, maana yake prosesa inachora picha kwa mkono, kwa sababu mfumo haukukitambua kifaa cha michoro. Hilo hutokea mashine ikiwa mpya kuliko toleo la Linux lililowekwa, kama kumpa fundi wa zamani mashine ambayo hajapata kuiona. Dawa ni kuweka toleo jipya zaidi na kupokea masahihisho yote.

Na ikiwa unashuku mfumo wenyewe, usiufute. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukiiwasha hivyo na bado ikawa nzito kwa kila kitu, kosa liko katika chuma au katika umeme. Ikiwa nyepesi, kosa liko katika yaliyowekwa diskini.

YA KUEPUKA

Usiandike amri inayoanza na neno sudo kwa sababu tu mtu fulani amesema. Neno hilo linaipa amri mamlaka yote juu ya mashine. Hasa amri za rm na dd zinaweza kufuta kila kitu bila kuuliza mara mbili. Usikubali "kufuta na kuanza upya" kuwa dawa ya kwanza. Kwetu isingesaidia kitu: tungelipa faranga elfu arobaini, tungepoteza orodha, na mfumo mpya nao ungetembea 400.

Kwa tawi linalotaka kununua, uliza kabla ya kulipa: kumbukumbu ya kazi ni gigabaiti ngapi, na inaweza kuongezwa? Kwa kazi ya leo nane ni bora kuliko nne. Diski ni ya namna gani? Chaja ni ya wati ngapi? Andikeni majibu katika daftari la mali, na namba za chaja ziandikwe pia. Sisi tungekuwa tumeandika, tusingepoteza wiki mbili.

JUMATATU

Jumamosi tulipata chaja ya wati 65. Jumapili baada ya ibada kijana mwandishi alikaa na wajumbe wawili, wakamaliza kuhakiki majina yote. Jumatatu asubuhi wajumbe waliingia katika mazungumzo na orodha iliyochapwa, siku kwa siku. Mazungumzo hayo bado yanaendelea na tutayaandika yakifika mwisho. Lakini hakuna jina lililoachwa nyuma, na la yule mama mchumaji limo.

Katika mkutano uliofuata, aliyesema "mwandishi ndiye mzito" alisimama akaomba radhi mbele ya wote. Hilo nalo tunaliandika hapa kwa sababu lina faida kwetu sote. Mara ngapi tumeambiwa kwamba uzalishaji umeshuka kwa uvivu wa watu, na baadaye ikaonekana mkanda umelegea, au kuni ni mbichi, au mizani imeharibika? Tunawakasirikia wasimamizi wanaosema hivyo bila kupima. Na sisi wenyewe, kwa dakika sita za kusubiri, tulimfanyia kijana wetu jambo lile lile.

Basi, ndugu wafanyakazi, siku kazi ikisimama, iwe mbele ya kompyuta au mbele ya mkaushio, tuulize kwanza imesimama wapi, na nani amepima. Na kabla ya hapo, tutoe nakala.